Mstari Usio na Jina

Ibra, saa nne usiku. Kiyoyozi kinakohoa.
Daftari la falaji nimelinakili kwa vidole viwili, wiki tatu,
likawa faili: zamu.txt,
mistari mia mbili na kumi na miwili,
kila mstari jina, siku, kiasi cha maji.

Nusu saa ya maji huku huitwa athari.
Na sisi tuliolelewa kwa Kiswahili cha jikoni
twajua athari ni kile kinachobaki mtu akishapita.
Sikulipanga hilo. Nimelikuta.

Wakili wa falaji, Bwana Hilal, alisema:
"Watu waone zamu zao kwenye simu,
nimechoka kugongewa mlango alfajiri."

Haya. Naandika: fungua, kwa kusoma tu.
Kusoma tu! Hapo ukikosea herufi moja
seva huifuta yote kabla hujapepesa,
maji ya mababu yakawa sifuri,
wala haikuombi radhi.

Kuna njia ya mkato, amri moja,
faili zima likamwagwa kwenye ukurasa.
Nilijaribu. Likaja kama wadi baada ya mvua,
majina yamepandana mabegani, Jumapili ndani ya Jumatatu,
kwa sababu kivinjari hakijui mstari umeishia wapi
mpaka ukiambie: vunja hapa.

Nikarudi kwenye adabu ya mfereji.
Ondoa jiwe, ondoa kitambaa.
Vuta mstari mmoja. Upeleke.
Uliza: umekwisha?
Bado.
Vuta mwingine.

Muhanna bin Saif, Jumapili, athari mbili.
Warithi wa Ghaniya, Jumapili, athari moja na robo.
Msikiti wa Bondeni, athari nne, wakfu.
Kisha alama za kuuliza, safu nzima,
kama watoto walioitwa kwa majina ya wengine:
herufi za Kiarabu, nimezisoma kwa usimbaji usio wao.
Nikaziita vizuri. Zikaja.

Shangazi Thuwaiba yuko nyuma yangu na kikombe cha kahawa,
miwani puani, anasoma kwa sauti
kwa lafudhi ya Ng'ambo ambayo miaka hamsini ya Ibra
haijaikwangua.
Mstari wa mia na arubaini akanyamaza.

Mbarak bin Rashid, usiku wa Alhamisi, athari tatu.

Mumewe. Miaka sita yuko chini ya mchanga
na maji yake bado yana siku.
"Nimfute?" niliuliza. "Niandike warithi?"
"Si umesema umefungua kwa kusoma tu?"

Nikaendelea. Kibodi peke yake ikasema.

Chini kabisa, baada ya jina la mwisho,
pakatokea nambari mia mbili na kumi na tatu,
na mbele yake hakuna kitu.
"Na zamu hii ya nani?"
"Ya hakuna, shangazi. Ni kosa langu.
Programu haijui kisima kimekauka
mpaka iteremshe ndoo na kuipandisha tupu.
Mimi nimeitoa na ile ndoo tupu, nikaihesabu."
"Kwa hiyo hata yenyewe," akasema,
"haiamini mpaka ipapase."

Nikarekebisha: chota kwanza,
ukipata, ndipo utoe.
Mstari ukatoweka. Nikaandika: funga.
Nikamtumia wakili anwani, nikalala.

Asubuhi namkuta barazani na simu mkononi,
kidole kinashuka na majina, kinashuka,
kinafika mwisho, kinabonyeza kioo kitupu.
"Jana palikuwa na pahali pa mtu hapa.
Leo umepaziba."

Sikuwa na jibu, nikaenda kutia chai.
Nyuma ya ukuta maji yalikuwa yakipita,
na sikumbuki kama ilikuwa siku ya nani.